Nyota Ambayo Rula Hakuiona

Ka. Kufuli lilijifunga kwa nje, kisha funguo zikalia kidogo zilipotumbukia mkobani mwa mama. Ndani kulikuwa giza totoro. Kila jioni mama alizima taa kabla ya kutoka, ili mtu akipita ukumbini adhani chumba hakina watu.

"Dada, mama ameenda?" sauti ndogo iliuliza kutoka kitandani.

"Ameenda kazini. Lala."

"Nataka maji."

"Si umekunywa sasa hivi?"

"Yale yalikuwa ya mchana."

Mwenye sauti hiyo alikuwa na miaka minne, na kwa jinsi alivyojua kutoa amri, nyumbani walimwita Bosi. Dada yake alikuwa darasa la sita. Shuleni walimwita Rula, kwa sababu mistari aliyochora kwa mkono mtupu ilinyooka kuliko ya wenzake waliotumia rula yenyewe. Nyumbani walikuwa watatu tu, wao wawili na mama yao, aliyefanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate.

Kufuli lile lilikuwa na sababu yake. Siku moja Bosi alitoroka akiwa peke yake, akakutwa katikati ya barabara amenyoosha mkono, anaongoza magari. Watu walicheka. Mama hakucheka. Kesho yake alinunua kufuli.

"Usimwambie mtu kwamba mnabaki peke yenu," alimwambia Rula. "Wapo watakaokuja kuiba, na wapo watakaokuja kunisema. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo. Ukisimama hapo uliona ukuta wa jengo la jirani na bomba la maji machafu. Ukitaka kuona anga, ilibidi ubandike shavu kwenye nondo mpaka liume, ndipo uone kipande chembamba kama mkanda wa suruali. Nyota chache zilipita katika kipande hicho. Lakini ile aliyotakiwa kuitazama Rula haikupita hapo hata siku moja. Yenyewe ilichomoza upande wa pili wa jengo.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ameanzisha klabu ya anga. Siku ya kwanza aliwaingiza wanafunzi katika stoo ya vitabu, akafunga madirisha, akawasha taa ya mezani. Kisha akachukua mpira, akaupitisha polepole mbele ya taa.

"Mnaona nini?"

"Mwanga umepungua," alisema Redio, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza.

"Vizuri. Sasa, iko nyota moja nitakayowaonyesha. Ukiitazama utadhani ni moja, kumbe ni mbili, zinazungukana. Ziko mbali sana, na zimekaribiana sana, kwa hiyo jicho linaona nukta moja tu. Kila baada ya siku chache, moja hupita mbele ya mwenzake na kumziba, kama mwezi unavyoliziba jua linapopatwa. Nukta yetu hufifia, halafu hurudi kung'aa. Je, mtu atapimaje upana wa kitu ambacho hawezi kukifikia, tena hata hakioni sawasawa?"

"Atakisia," alisema Redio.

"Atasubiri," alisema mwalimu. "Atatazama na kusubiri." Akaupitisha mpira mdogo mbele ya taa, ukavuka upesi. Akachukua mpira wa miguu, akaupitisha kwa mwendo uleule. Huo ulianza kuziba mapema na ukachelewa kumaliza. "Kwa hiyo muda wa kufifia unatueleza upana. Na kiasi cha mwanga kinachopungua kinatueleza ipi kati ya hizo mbili inang'aa zaidi. Nyota haitupi kingine zaidi ya mwanga wake. Tukiusoma vizuri, tumeipima."

Rula alisikia mwili ukimsisimka. Alipenda namba, alipenda mistari, na sasa aliambiwa kwamba mstari kwenye karatasi unaweza kupima nyota. Akajiandikisha hapohapo pamoja na Redio na mvulana mkimya aliyeitwa Miwani, na hao watatu ndio wakawa klabu nzima.

Kazi yao ilikuwa rahisi kuisema. Karibu na nyota hiyo zilikuwapo nyota mbili ambazo mng'ao wake haubadiliki, moja kali na moja hafifu. Ile kali wakaipa kumi, ile hafifu sifuri. Kila jioni, kila baada ya muda fulani, mtoto alitakiwa kuitazama nyota yao akiwa nyumbani kwao, ailinganishe na hizo mbili, aipe namba. Mwalimu mwenyewe aliamua kutoitazama, makusudi kabisa. "Nikiitazama mimi," alisema, "mtanitazama usoni mimi badala ya kuitazama nyota."

Jioni ya kwanza Rula alibandika shavu kwenye nondo hadi alama ikabaki. Akapanda juu ya kiti, akapanda juu ya ndoo. Bosi akaamka akamwuliza kama anataka kutoroka, na kama ndiyo, waende wote. Hakuona kitu. Akalala na karatasi tupu.

Kesho yake kila mtu alileta namba. Zamu yake ilipofika, macho yote yakamgeukia. Angesema nini? Kwamba hakuona? Wangemwuliza kwa nini hakutoka nje. Kwamba hawezi kutoka? Wangemwuliza kwa nini. Kila jibu lilikuwa mlango, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na kufuli la mama.

"Nane," alisema Rula. "Halafu nane tena. Halafu saba na nusu."

"Safi sana," alisema mwalimu, akaandika.

Ikawa rahisi hivyo. Tangu siku hiyo Rula alianza kupika namba. Asubuhi alimdodosa Redio njiani, "Wewe jana uliona ngapi?" na Redio, ambaye hakujua kuficha jambo, alimwambia zote. Kasoro moja tu: Redio alilala mapema. Jioni nyota ilipofifia, aliona mwanzo tu, halafu usingizi ukamchukua. Sehemu iliyobaki Rula aliijaza kichwani mwake. Hakuwa amewahi kuona nyota ikififia. Alichokijua ni balbu. Kwa hiyo nyota yake ilizimika kama balbu: ghafla, halafu baada ya muda mfupi ikawaka tena.

Kila jioni alikaa gizani pembeni ya Bosi aliyelala, akawasha kitochi chini ya shuka, akaandika namba za nyota iliyokuwa nyuma ya ukuta. Mwanzoni alijiambia ni siku moja tu. Halafu akajiambia, akiacha ghafla watashtuka. Uongo wa jana ulihitaji kulishwa leo, kama mtoto mchanga, na chumba kilizidi kuwa kidogo.

Siku ya kuchora grafu ilifika. Mstari wa Rula ulilala vizuri, laini, hauna hata kigugumizi. Namba za Miwani zilitapakaa huku na huku kama mchele uliomwagika, na tena zilisema jambo tofauti kabisa: kwamba nyota ilishuka polepole, ikachelewa sana kurudi.

Mwalimu akapiga hesabu ubaoni. Kwa namba za Rula, nyota inayopita mbele ilikuwa kitu kidogo. Kwa namba za Miwani, ilikuwa pana kupita hata ile angavu.

"Haiwezekani zote mbili," alisema mwalimu, akijikuna kidevu.

"Mwalimu, labda ile miwani ni ya urembo," alisema Redio. Akacheka mwenyewe.

Miwani akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mimi niliandika nilichokiona," alisema.

"Najua ulijitahidi," alisema mwalimu kwa upole, na upole huo ulimchoma Rula kuliko ukali. "Lakini kwenye maonyesho ya sayansi meza yetu ina nafasi ya watoto wawili. Nadhani watakwenda Rula na Redio. Wewe, Miwani, utatusaidia kupamba bango."

Miwani hakubisha. Aliinama akaanza kukusanya kalamu zake, moja moja, kama mtu anayehama nyumba. Rula aliona kwamba hakuinua macho. Yeye mwenyewe alitaka kusema ukweli, hakuthubutu.

"Tena nina wazo," aliendelea mwalimu. "Ijumaa jioni nyota itafifia tena. Nitakuja kwenu, Rula. Nataka kuitazama kutoka mahali hapohapo ulipoitazamia, tupige na picha ya bango. Mwambie mama yako nakuja."

Rula alitembea kurudi nyumbani bila kuona njia. Kichwani alimwona mwalimu akipanda ngazi. Alimwona akigonga, na Bosi akijibu kutoka ndani, "Mama hayupo na kufuli liko kwako." Akawaona majirani wakifungua milango yao. Kama angesema ukweli, angemwanika mama hadharani. Kama angenyamaza, mwalimu angekuja kuukuta ukweli mwenyewe mlangoni, na Miwani angebaki kupamba bango la uongo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Jioni hiyo kufuli lilipofungwa, hakuandika namba yoyote. Alirudi dirishani, akabandika shavu kwenye nondo. Kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kama moto ungezuka humu ndani, hata akipiga kelele kiasi gani, ufunguo uko kiwandani.

Asubuhi alimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, unga bado umeganda kwenye nyusi.

"Mama, nina jambo."

"Sema upesi, mwanangu, macho yangu yanafunga duka."

Rula akasema. Alianza na nyota, akaenda kwenye namba, akafika kwa Miwani, na mwisho Ijumaa. Alipomaliza, maji ya beseni yalikuwa yametulia kabisa.

"Mwalimu anakuja hapa?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Nilikwambia nini mimi? Si nilikwambia tusijitangaze?"

"Sijamwambia mtu, mama. Ndiyo maana nikadanganya."

Mama alimtazama bintiye kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akanyoosha mkono, akaligusa shavu la Rula, pale penye mstari wa nondo.

"Hii ni nini?"

"Nilikuwa naitafuta nyota."

Mama akatoa miguu majini, akajifuta kwa upindo wa gauni. "Vaa viatu," alisema. "Mwamshe Bosi. Twende shule."

"Si hujalala, mama?"

"Nikilala nitapata akili nyingine. Twende na hii hii."

Walimkuta mwalimu kwenye stoo ya vitabu, ameinama juu ya bango, gundi mkononi. Mama alianza kusalimia, lakini Rula alijua kwamba akiacha salamu ziishe, ujasiri wake utaisha nazo.

"Mwalimu, namba zangu nilizipika," alisema. "Zote. Nyumbani nyota haionekani. Miwani hakukosea."

Mwalimu akaweka gundi chini. Akaitazama grafu ile nzuri, akaitazama kwa muda mrefu.

"Zote?"

"Zote, Mwalimu."

"Ungeweza kuja kuniambia huioni."

Mama akasogea mbele, Bosi akiwa amemshika mguu. "Hapo lawama ni yangu, Mwalimu. Mimi ndiye niliyemwambia afiche. Nafanya zamu ya usiku, sina wa kumwachia watoto, nawafungia kwa kufuli. Sasa umejua. Ukitaka kunisema, niseme mimi, yeye ni mtoto."

"Sikusemi, mama yangu," alisema mwalimu. "Lakini mlango uliofungwa kwa nje..."

"Kila tanuri linapofunguliwa pale kiwandani, nauona moto, nawaona hawa," mama alikatiza. "Unadhani siwazi? Nawaza mpaka nahesabu mikate vibaya. Sijui tu nitokee wapi."

"Umewahi kumwomba mtu?"

Mama akatikisa kichwa. "Watasema huyo hata watoto wake mwenyewe wamemshinda."

"Na binti yako naye aliogopa, tukijua haioni nyota tutamwuliza kwa nini," alisema mwalimu taratibu. "Mmekaa chumba kimoja, kila mmoja kabanwa upande wake, na hakuna aliyemwambia mwenzake."

Jioni hiyohiyo, kabla ya kwenda kazini, mama alishuka ngazi na watoto wake, akagonga kwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyeishi chini yao peke yake na kushona mpaka macho yachoke. Akaeleza yote. Fundi alimsikiliza na pini mdomoni, akazitoa.

"Kumbe ni watoto? Mimi kila jioni nasikia sauti huko juu inaomba maji, nikasema labda mna kasuku."

"Bibi, mimi si kasuku," alisema Bosi. "Mimi ni Bosi."

"Basi karibu, Bosi, nina vifungo vya kupanga. Mshahara ni chai." Akamgeukia mama. "Na wewe, mwanangu, umeishi juu ya kichwa changu muda wote huu bila kusema neno. Mimi upweke unanila, wewe hofu inakula. Tumekosa nini kuulizana?"

Ijumaa mwalimu alikuja kama alivyoahidi, ila hakupanda ngazi. Nyumba ya fundi ilikuwa na ua mdogo nyuma, upande wa pili wa jengo, na juu yake anga lilikuwa wazi. Redio alikuja. Miwani alikuja pia, akasimama mbali kidogo.

Rula akamwendea. Alikuwa amepanga maneno mengi, yakamponyoka yote. "Miwani, nilikudhulumu. Wewe uliona, mimi nilitunga."

Miwani akafikiria. "Nilianza kudhani macho yangu yanakufa," alisema. "Nilimwambia baba anipeleke tena hospitali."

Hilo Rula hakuwa amelitarajia. Machozi yakamjaa. Miwani akasogea kidogo, akamwachia nafasi ukutani. "Njoo hapa. Hapo ulipo utazuiwa na kamba ya nguo."

Kisha akamwonyesha. Ndiyo hiyo, kati ya zile mbili. Rula aliyekuwa ameiandika kwa wiki nyingi alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Na haikuzimika kama balbu. Ilififia polepole mno, hata ukikodoa macho huoni inavyofifia; unaona tu, ukirudi kuitazama baada ya muda, kwamba si ile ya mwanzo. Saba. Sita. Mwenzake mpana, asiyeonekana, alikuwa anapita mbele yake bila haraka yoyote, kama alivyosema Miwani.

"Bosi anasemaje?" fundi aliuliza.

"Inasinzia," alisema Bosi.

Kesho yake mwalimu alimpa Rula ufutio. Hakumchapa, hakumfokea. Alimwambia afute alama zake kwenye grafu, yeye mwenyewe. Rula akafuta, moja baada ya nyingine, na mstari mzuri ukapotea. Kilichobaki ni alama za Miwani, zimetawanyika, na chache za Redio. Lakini mwalimu alipopitisha mstari katikati yake na kupiga hesabu upya, nyota ile ya pili ikatoka pana na hafifu, na safari hii namba hazikugombana. Kwenye maonyesho walikwenda Miwani na Redio. Rula alibaki kupamba bango, na hakulalamika.

Siku ya kikao kilichofuata, mama naye alikuja, akakaa nyuma kwenye dawati dogo lililombana magoti. Mwalimu alisimama mbele.

"Wiki ile nami nilikosea," alisema. "Niliupenda mstari kwa sababu ulikuwa mzuri, nikasahau kuuliza umetoka wapi. Nataka mnielewe. Nyota zile hakuna mtu atakayekwenda kuzipima kwa futi. Tunachojua juu yake ni kile ambacho watu wametazama na kukisema kwa kweli. Ukitia namba ya kutunga, hujanidanganya mimi tu. Umeifanya nyota iwe kitu ambacho siyo, na umemfanya mwenzako aonekane mwongo. Kama hukuona, tuambie hukuona. Tutaacha nafasi wazi, na hesabu bado itakwenda."

"Na kama kuna kinachokuzuia kuona," alisema mama kutoka nyuma, bila kuombwa, "sema kinachokuzuia. Hata kama ni mama yako."

Watoto wakageuka kumtazama. Mama akaona haya, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mwalimu akatabasamu, akafungua karatasi mpya ya grafu, akaanza kuita. Redio akatoa namba zake na maelezo marefu juu ya mbwa aliyebweka. Miwani akatoa zake, fupi. Usiku uliopita mawingu yalikuwa yametanda juu ya ua wa fundi tangu machweo.

"Rula?"

Akasimama wima, mikono pembeni.

"Jana sikuiona."